Uzoefu wangu na xfs_scrub: seva inapiga kazi freshi kumbe orodha yake ya nafasi tupu inadanganya

Wakuu habari za muda. Hii nimeikalia kama wiki tatu, naona bora niiandike kabla sijasahau, maana siku ile nahangaika nilitafuta kitu cha Kiswahili kuhusu hii programu ya kukagua diski zenye XFS nikakosa kabisa.

Mimi naangalia seva ya studio moja ya video hapa Sinza, harusi, sendofu, kitchen party, mambo hayo. Diski mbili za TB 4 ziko RAID 1 (moja ni nakala ya nyingine), juu yake XFS, yaani mfumo wa Linux wa kupanga mafaili kwenye diski. Wahariri watatu wanafungua na kuandika faili kutwa nzima, ukiwaambia zima seva saa nane mchana nikague diski wanakuangalia kama umekuja kudai kodi. Umeme nao mnaujua, na UPS yetu betri ilishakufa, bosi kila mwezi anasema tutanunua.

Miaka yote ukaguzi wangu ulikuwa xfs_repair -n, na hiyo inataka uanmaunti kwanza (uitoe diski kwenye matumizi), kwa hiyo kiukweli nilikuwa nakagua labda sikukuu watu wameenda kwao. Tulipobadilisha diski mwaka huu nikaamua kuformati upya nikiwa nimewasha rmapbt (daftari la ziada la XFS, kwa kifupi rmap, nalieleza chini), ili nitumie xfs_scrub ambayo inakagua huku watu wanaendelea na kazi zao. Vitu vyenyewe sio vipya, rmap iliingia kwenye Linux 4.8 mwaka 2016 na scrub ikafuata kwenye 4.15 mwanzoni mwa 2018, kazi kubwa kaifanya jamaa anaitwa Darrick Wong akiwa Oracle.

Inavyofanya kazi nitawaeleza kwa nyumba ya kupanga maana ndo ilivyoniingia mimi. Vyumba ni bloku, yaani vipande vidogo vya diski. Kila mpangaji ana mkataba unaosema yuko vyumba namba ngapi, huyo ndo inodi (rekodi ya faili) na faili lake. Dalali ana orodha ya vyumba vitupu, huo ndo mti wa nafasi tupu (XFS inayo miwili, mmoja umepangwa kwa namba ya bloku, mwingine kwa ukubwa wa nafasi). Sasa zamani ukitaka kujua chumba namba 14 analala nani ilibidi ugonge milango yote, usome mikataba yote. rmap ni daftari la mama mwenye nyumba, lenyewe linaanza na chumba: kuanzia hiki mpaka hiki ni cha fulani. Basi scrub inamshika dalali na orodha yake, kila chumba anachosema kitupu inafungua daftari la mama kuona kama kweli hakuna mtu humo, halafu inageuka kwa wapangaji, wewe mkataba wako unasema 20 mpaka 35, daftari nalo linasemaje? Wakipishana tu, inapiga kelele.

Mtu ataniuliza si kuna CRC (namba ya kuhakiki) kwenye kila bloku ya metadata (kumbukumbu za mfumo wenyewe, kama hiyo mikataba na orodha), ya nini yote haya. Hata mimi niliuliza hivyohivyo mpaka yakanikuta. CRC inakwambia karatasi haijachanika tangu iandikwe. Kama aliyeandika aliandika uongo, CRC inapita safi kabisa, uongo umepigwa muhuri.

Na ndo kilichotokea. Jumatano asubuhi nimewasha xfs_scrub -n -v /data (/data ndo hizo diski za video, na -n ni ya kukagua bila kugusa kitu), nikaenda kunywa chai na chapati, kurudi nakuta imelalamika AG namba 3 (XFS inaigawa diski kwenye mafungu, kila fungu ni AG), mti wa nafasi tupu unahitaji kutengenezwa. Seva inapiga kazi, dmesg (ujumbe wa kerneli) kabla ya hapo kimya, hakuna mtu amelalamika faili halifunguki. Nilidhani programu ndo ina matatizo nikairudia, jibu lilelile.

Kwa lugha ya nyumbani ni kwamba dalali anatangaza chumba kitupu na ndani kuna mtu amelala. Leo hakuna anayejua. Kesho mhariri anarenda video mpya, XFS inampa zile bloku kwa roho safi, anaandika juu ya kitu cha mtu. Hapo nikawaambia wahariri wote waandike kwenye diski zao za nje mpaka kesho yake, nikaweka /data iwe ya kusoma tu, nikaanza bakapu.

Usiku nikaanmaunti nikapiga xfs_repair -n, yenyewe inakupa AG na namba ya bloku kabisa. Nikazinakili, nikamaunti tena ya kusoma tu, nikapiga xfs_io -c 'fsmap -v' /data nijue zile bloku ni za nani. Hapa wakuu kuwa makini sana, fsmap inahesabu kwa vipande vya baiti 512 na xfs_repair inahesabu kwa bloku za mfumo, kwangu 4096, kwa hiyo namba ya repair unazidisha mara 8 ndo uende kuitafuta kwenye safu ya AG-OFFSET. Mimi nusu saa nzima natafuta sehemu ambayo siyo, naona nafasi tupu tu nikaanza kujiona nimerogwa. Nilipozidisha nikapata inodi, find /data -inum ikanitolea faili: klipu ya sendofu, mama wa bibi harusi anakata keki. Nikaifungua, iko nzima, hakuna aliyekuwa ameikanyaga bado. Nikainakili pembeni, nikaanmaunti, nikaendesha xfs_repair bila -n, dakika chache imemaliza, scrub ya baada ya hapo safi.

Chanzo nilikipata usiku uliofuata kwa memtest86+, kijiti kimoja cha RAM kibovu. Naamini biti iligeuka kwenye memori kabla CRC haijapigwa, ndo maana CRC ilikuwa shwari.

Sasa malalamiko, maana yapo. Kwanza rmapbt huwezi kuiwasha kwenye diski ambayo tayari ina data, lazima uformati upya, na scrub bila rmap inakagua lakini imekosa shahidi wake mkubwa. Pili, kutengeneza bila kuanmaunti kumekamilika kwenye Linux 6.10 mwaka 2024, kerneli yangu ni ya nyuma ya hapo ndo maana nilikesha. Tatu maelezo yake ni mafupi mno, inakwambia kuna shida mti fulani halafu basi, bloku ipi utajijua. Nne, na hii watu wengi wanajichanganya, inakagua metadata, haijui yaliyomo ndani ya video yako kama yameharibika, XFS haiweki CRC kwenye data kama Btrfs au ZFS. Ukiweka -x itasoma data yote ya mafaili kutafuta sekta zisizosomeka, lakini sekta ikisomeka na uchafu ndani haitasema kitu. Bakapu bado ni lazima.

Kwa spidi sina neno, kwangu inachukua kama dakika 40, na mchana naweka -b itumie uzi mmoja tu, wahariri hawastuki. Kuna siku ilinichekesha, ililalamikia majina ya mafaili yenye herufi zisizoonekana, kumbe mhariri mmoja anakopi majina ya wateja kutoka WhatsApp na vikorombwezo vyake.

Mimi naipa 4 kati ya 5. Na yule fundi aliyewahi kuniambia repair ikikataa kwa sababu ya logi (XFS inapoandika kwanza mabadiliko kabla ya kuyapeleka mahali pake) we weka -L tu, asikusogelee, ukifanya hivyo unafuta mabadiliko ambayo hayajamaliza kuandikwa. Maunti kwanza, logi ijicheze yenyewe, ndo uanmaunti urudi.

Anayetaka kujaribu apige xfs_info /data atafute rmapbt=1, halafu grep XFS_ONLINE /boot/config-$(uname -r) aone kama kerneli yake wameiwashia, distro (toleo la Linux) yangu ya kwanza walikuwa wameizima na nilihangaika siku mbili nikidhani nakosea komandi.