TAHADHARI wenye magari Malindi: kuna jamaa anauza sensa za gari "mpya", msimpe pesa

Salaam wadau. Naandika hii kwa wenye magari ya zamani hapa Malindi, Watamu, Mambrui mpaka kule Marereni, hasa nyinyi wa Probox na Fielder zile za mwanzo, manake kuna mtu anazunguka na pikipiki, ana mashine ya kusomea gari na begi la spea, na watu wanazidi kumlipa. Mimi ni fundi wa waya. Magari akishayapitia yeye huishia kwangu, na kila mwenye gari anakuja na maneno yale yale.

Juzi imeletwa Probox ya shemeji yangu, anabebea watu Malindi na Gongoni. Gari inamisi (silinda inaruka bila kuunguza petroli) lakini si saa zote, asubuhi iko sawa kabisa, ikishapata moto na kupigwa na matuta ndo inaanza kutetemeka na kukosa nguvu, taa ya cheki injini inawaka, kesho yake imezima yenyewe. Huyo jamaa akachomeka mashine akamwonesha kodi tatu, yani namba za makosa, zimeandikwa kwa rangi nyekundu, P0302, P0171 na P0135, akamwambia koili (inayoipa plagi umeme) imekufa, sensa ya hewa imekufa, sensa ya oksijeni imekufa, na bahati nzuri zote anazo kwenye begi, jenuini za Japani. Elfu kumi na nane na mia tano kwa M-Pesa. Akazifunga, akafuta kodi, taa ikazima, akaondoka na spea za zamani. Haikufika wiki gari inamisi vile vile, na simu hashiki.

Sasa nisikizeni vizuri hapa. P0302 inasema silinda ya pili inamisi, bas. Haisemi ni koili. Yaweza kuwa plagi, nozeli, waya, soketi, hata kompresheni. P0171 nayo inasema hewa imezidi petroli, na hii ndo inayowaliza wengi, kwa sababu silinda ikimisi ile oksijeni ambayo haikuungua inatoka mpaka ekzosi, sensa ya oksijeni inaikuta pale inaripoti hewa imezidi, yani sensa inasema kweli, iko nzima, alafu ndo hiyo inang'olewa ati imekufa. P0135 ni saketi ya hita ya sensa ya oksijeni, na saketi ina fyuzi, ina waya, ina athi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi), ina soketi. Ni nadra sana vitu vitatu kufa kwa pamoja. Ukiona kodi zimeandamana hivyo anza na betri, athi na soketi kabla hujanunua chochote.

Kwa ile Probox nilianza kwa kuhamisha koili, ya silinda ya pili nikaipeleka ya tatu (mnahesabu kutoka upande wa mkanda), nikafuta kodi nikaizungusha barabarani. Kama koili ndo mbovu kodi ingehama nayo ikawa P0303. Ikabaki P0302. Plagi nazo nikazibadilishana, bado 302. Bas nikaacha injini iko sailensi, inawaka bila kukanyagwa mafuta, nikaishika soketi ya koili ya pili nikaitikisa kidogo, injini ikataka kuzima pale pale. Kuichomoa, kile kimdomo cha kufungia kimekatika na pini moja ina kutu ya kijani, imeliwa imebaki nyembamba. Gari inashinda kwenye hewa ya chumvi kule Gongoni, alafu jioni inapelekwa kuoshwa, injini inapigwa maji ya presha, yanaingia kwenye soketi. Soketi ya sensa ya oksijeni hivyo hivyo, kijani mpaka ndani. Nimebadilisha pini, nikatia soketi nzuri, P0171 hata sikuigusa, iliondoka yenyewe kumisi kulipoisha. Haikufika elfu mbili na kazi yangu ndani.

Sasa hizo spea mpya alizouziwa. Ile sensa ya oksijeni niliiangalia kwa tochi, imepuliziwa rangi ya fedha, lakini kwenye mikato ya nati kuna masizi meusi, na pini zake zina mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa. Spea iliyotumika hiyo, imesafishwa ikatiwa boksi. Koili nayo imeandikwa Denso na ile namba 90919-02240 ya injini ya 1NZ, ya Probox hizi, lakini ukipitisha kidole maandishi yanatoka wino. Namba peke yake isiwadanganye, feki zinaandikwa namba hiyo hiyo. Na ndo maana anang'ang'ania kuondoka na spea zenu za zamani. Mwenzetu mmoja wa Maweni alikuwa ametia alama ya kucha kwenye koili zake, wallahi moja ameikuta kwenye gari ya jirani yake, imeuzwa kama mpya. Hiyo inaniuma sana, jirani yake ni mama anayetegemea hiyo gari kupeleka mboga sokoni.

Ujanja wake mkubwa ni kufuta kodi. Makosa mengi, kompyuta husubiri iyaone kwenye safari mbili mfululizo ndo iwashe taa, kwa hivyo taa ikizimwa na tatizo lenyewe ni la kuja na kupotea, unaweza kukaa siku kadhaa ukidhani umetibiwa, na yeye keshafika Kilifi. Kabla mtu yeyote hajafuta, pigeni picha kodi zote, pia mwambie afungue ile sehemu inayoonesha joto, spidi na mzunguko wa injini wakati kosa lilipotokea. Hapo ndo fundi wa kweli anapoanzia. Akikataa, au akisema mashine yake haioneshi, mwambie aichomoe aende.

Kuna na jambo la katalitiki, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, sasa ameanza na hili. Anawaambia imeziba ndo maana gari inamisi, atawatolea bila kuwatoza. Jamani ile kitu ndani ina platinamu, paladiamu na rodiamu, ina wanunuzi, anayekutolea bure amekuibia. Kuziba kweli huziba, na mara nyingi ni kumisi ndo kunakoiharibu, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia humo. Ndo maana taa ya cheki injini ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo, egesha, usilazimishe kufika.

Sitaji jina, na laini anabadilisha kila mara. Mkimjua mtamjua kwa kazi yake: anasoma kodi, anauza kulingana na kodi, hapimi kitu, multimita (kipima umeme) hana.

Kama alishakuuzia, usitupe boksi wala usifute meseji ya M-Pesa. Zipige picha pamoja na hiyo spea, nenda polisi ukaandikishe, upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Shemeji keshaandikisha yake, na wawili wengine wamesema watakwenda Jumatatu. Mwenye yake ajiunge nao waende pamoja, na kama gari bado inamisi ileteni niwaangalilie soketi, kuangalia sitozi.