Chevening au Erasmus Mundus: uombe upi?

Ufadhili wote huu unalipa ada na pesa ya kujikimu, lakini haumtafuti mtu yule yule.

Chevening ni wa serikali ya Uingereza, ulianza 1983, kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Kabla ya yote chukua karatasi uhesabu saa: wanataka 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili. Kujitolea nako kunahesabiwa. Wengi hawajui, wanajitoa mapema bure. Kisha insha, na hapa ndipo watu huanguka. Ukiandika "mimi ni kiongozi mwenye maono" umeshapotea. Andika ulivyowashawishi wenzako saba wa kikundi waweke daftari la mapato, nani aligoma, na mwisho wake ukawaje. Ukipita kuna usaili. Ukihitimu, unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili.

Erasmus Mundus ni wa Umoja wa Ulaya: unasoma katika nchi mbili au zaidi, unapata euro 1,400 kwa mwezi, na hakuna sharti la kurudi. Maombi unayapeleka kwa programu yenyewe, na kila programu ina tarehe yake. Nauli na viza vinatoka humo humo kwenye euro zako, kwa hiyo pesa ya tiketi itafute mapema.

Aliyemaliza digrii juzi, ana GPA nzuri ila hajaajiriwa, aanzie huku. Mwenye miaka mitano kazini na mambo ya kusimulia, mimi ningemwambia Chevening, ingawa mwaka mmoja unakimbia mno.