Watelezaji wa Kirusi mjini Dubai: niliyoyaona kwa dirhamu 180

Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu wawili kuona onyesho la kuteleza kwenye barafu lililoletwa Dubai na kikundi cha watelezaji kutoka Urusi. Tiketi ya mtu mzima ilikuwa dirhamu 180 na ya mtoto dirhamu 120, na kwa familia za Waswahili tunaoishi huku kwa mshahara wa kawaida, hizo si fedha za kutoa bila kuuliza. Ndiyo maana naandika kwa urefu. Jina la kampuni iliyoliandaa nimeliacha kwa makusudi. Anayefikiria kununua tiketi za onyesho lolote la namna hii atanielewa bila jina hilo.

Nianze na barafu, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine yote. Uwanja wa mashindano ya kimataifa huwa na urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Hapa walitandika juu ya jukwaa mikeka ya mipira ambayo ndani yake hupita maji yaliyochanganywa na kemikali ya kuzuia kuganda, yakisukumwa na mashine kubwa iliyokuwa ikinguruma nje upande wa maegesho, kisha wakamwagia maji juu yake kidogo kidogo mpaka yakaganda. Kwa kukadiria kwa macho, eneo lote halikufika robo ya uwanja wa mashindano. Mtu aliyezoea tangu utotoni kukusanya kasi kwa mwendo mrefu kabla ya kuruka, hapa anapewa hatua nne au tano, halafu ukingo.

Tulikaa safu ya tatu, ubavuni, na kutoka pale unasikia chuma cha kiatu kikikwaruza barafu na pumzi ya mwanamume anapomnyanyua mwenzake juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Televisheni haikupi hayo. Katika sehemu ya pili, msichana aliyevaa nguo nyeupe aliruka, akatua vizuri kwa mguu mmoja, lakini chuma kikaingia kwenye dimbwi dogo la maji karibu na ukingo, naye akaangukia nyonga. Hakukaa chini hata sekunde mbili. Aliinuka, akakata kona kuwafikia wenzake, akaingia kwenye duara lao pale pale muziki ulipomtaka awe, na kwa muda wote uliobaki alitabasamu ilhali upande mmoja wa nguo yake, kuanzia nyonga hadi goti, ulikuwa umelowa na kumganda mwilini. Binti yangu wa miaka 9 aliniuliza kwa nini hawamwachi apumzike.

Nilimjibu kwa kifupi usiku ule, ila jibu lenyewe ni refu. Katika mashindano ya dunia, nchi haiwezi kupeleka zaidi ya watelezaji watatu, au jozi tatu, kwa kila aina ya shindano, na Urusi imelea watoto wengi mno kuliko nafasi hizo. Hata anayefika kileleni hakai huko sana. Yulia Lipnitskaya alipata dhahabu ya timu kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 akiwa na miaka 15, na mwaka 2017, akiwa na miaka 19, alitangaza kustaafu baada ya kutibiwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Alina Zagitova alikuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 2018 akiwa na miaka 15 pia, na kabla mwaka 2019 haujaisha alikuwa amesitisha kushindana. Wale waliokuwa nyuma yao, ambao majina yao hatukuyasikia kamwe, walibaki na ujuzi uliowagharimu utoto wao wote, na soko la ujuzi huo ni maonyesho. Kisha Machi 2022, baada ya uvamizi wa Ukraine, shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliwafungia Warusi mashindano yake, na hata waliokuwa bado na umri wa kushindana wakajikuta wanategemea maonyesho.

Ziara za nje zina historia nzito kwa watu hawa. Ludmila Belousova na Oleg Protopopov, mabingwa wa Olimpiki wa 1964 na 1968, waliomba hifadhi wakiwa ziarani Uswisi mwaka 1979, na Umoja wa Kisovieti ukayafuta majina yao katika vitabu vyake vya michezo. Sergei Grinkov, bingwa wa 1988 na 1994 pamoja na mkewe Ekaterina Gordeeva, alianguka na kufa kwa maradhi ya moyo wakati wa mazoezi ya ziara huko Lake Placid, Marekani, mnamo Novemba 1995. Alikuwa na miaka 28, na binti yao alikuwa na miaka mitatu. Miezi michache baadaye mjane wake alirudi kwenye barafu peke yake.

Nimeyakumbuka majina hayo kwa sababu ya kijitabu cha onyesho, ambacho ndicho kilichoniudhi kuliko yote. Kinauzwa dirhamu 60. Kimetaja mwandaaji, fundi wa taa, mshonaji wa mavazi na wadhamini wote, lakini watelezaji waliotajwa ni wanne wenye nafasi kuu tu, na wengine kumi na sita wameandikwa kwa neno moja: kikundi. Msichana wa nguo nyeupe ana picha ya nusu ukurasa isiyo na jina chini yake. Hili halina udhuru wowote, kwani kurasa mbili nzima zilikuwa za matangazo.

Baada ya onyesho, watoto hupigwa picha na watelezaji kwa dirhamu 50. Tulimkuta yeye, barafu imefungwa kwenye taulo na kukandamizwa nyongani. Kwa Kiingereza chake kidogo alinieleza kwamba mkataba wake ni wa msimu mmoja, kwamba viatu na vyuma hununua mwenyewe, na kwamba tangu kadi za Visa na Mastercard za benki za Urusi zilipoacha kufanya kazi nje ya nchi, kumpelekea mama yake fedha ni kazi ya kutafuta mtu anayesafiri. Mimi ninayetuma fedha Tanga kila mwisho wa mwezi kwa simu, nilikosa la kusema. Binti yangu akampa kijitabu, naye akaandika jina lake chini ya picha yake, kwa herufi za kwao.

Kwa upande wa sanaa, kunyanyuana kwa jozi kuu kunatosha kulipia tiketi. Muziki ni wa kurekodiwa na sauti iko juu kupita kiasi, na hadithi yenyewe haifuatiliki kwa mtoto. Chukueni viti vya ubavuni, safu ya pili hadi ya tano, na msisahau sweta, maana baridi ya ukumbi hupanda kutoka miguuni. Onyesho la mchana ni bora kuliko la usiku: la usiku ni la tatu kwa siku, na miguu ile inakuwa imechoka.