Programu za Kupima na Kutyuni Gari kwenye Linux na Mac: Kusoma Zinasoma, Kuingia Ndani Bado

Mwenye kompyuta ya Linux au Mac anayetaka kupima gari lake mwenyewe atapata programu nzuri za kusoma kodi za injini, yaani namba za hitilafu ambazo gari hujirekodia. Zile za kuingia kwenye kontrolboksi (kompyuta ndogo za gari) za breki, eabegi na nyinginezo ni chache mno, na ikifika zamu ya kutyuni, yaani kuandika upya programu ya injini, karibu kila mtengenezaji atamwambia atafute Windows. Nazipima hapa kwa kigezo kimoja tu, yaani kazi inayokamilika bila kuazima kompyuta ya mtu mwingine.

Kwa taa ya injini iliyowaka, napendekeza OBD Auto Doctor, ambayo ina matoleo ya Windows, Mac na Linux. Inasoma na kufuta kodi, inaonyesha hali ya injini ilivyokuwa kodi iliporekodiwa, na inatoa vipimo vya moja kwa moja injini ikiwa inanguruma. Uzito wake uko kwenye vipimo hivyo. Chukua kodi P0171, inayosema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta: kwa kodi peke yake, mtu anaweza kukimbilia kununua sensa ambayo haina kosa lolote. Lakini akiona kwamba kompyuta ya gari inaongeza mafuta kwa asilimia 20 wakati hajakanyaga mafuta, na kwamba asilimia hiyo inashuka karibu na sifuri akikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, atajua kwamba aanze kutafuta mpira uliopasuka unaovuta hewa isiyopimwa. Hayo yote yanafanyika kwenye Linux bila hila yoyote.

Yanawezekana kwa sababu lugha ya sehemu hii iko wazi kisheria. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo wa pamoja wa gari kujipima na kutoa kodi zake, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ukiwa na adapta ya ELM327, inayounganisha kompyuta na gari, unaandika 010C, yaani swali la mizunguko ya injini, kwenye dirisha la amri, gari linajibu 41 0C 0C 80, nawe unachukua baiti mbili za mwisho, ambazo kwa hesabu ya kawaida ni 3,200, unagawa kwa 4 na kupata mizunguko 800 kwa dakika. Maktaba huria ya python-OBD, yaani msimbo ulio tayari wa lugha ya Python, inakufanyia hesabu hiyo, na anayejua Python kidogo anaweza kujitengenezea dashibodi yake. Linux yenyewe imebeba SocketCAN, mfumo wa kuzungumza na CAN, mtandao unaounganisha kontrolboksi za gari, tangu toleo 2.6.25 la mwaka 2008, na waliouchangia ni idara ya utafiti ya Volkswagen. Kwa hiyo anayesema kwamba Linux haifai kwa magari hajaiangalia.

Pengo linaanza pale mtengenezaji wa gari anapotumia lugha yake mwenyewe. VCDS, inayoheshimiwa sana kwa magari ya kundi la Volkswagen, ni programu ya Windows. FORScan, kwa Ford na Mazda, nayo kwenye kompyuta ni ya Windows, ingawa wapo wanaoiendesha kwa Wine, programu inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, baada ya kuunganisha com1 (mlango wa adapta ndani ya Wine) na /dev/ttyUSB0 (mlango huo kwenye Linux). Kwa kusoma kodi za ABS, yaani za breki zisizofunga magurudumu, njia hiyo inavumilika. Kwa kubadilisha usanidi wa kontrolboksi siipendekezi, kwa sababu muunganisho ukikatika katikati ya uandishi, unaoumia ni mfumo wa gari.

Chanzo kikubwa cha pengo hili ni kiwango cha J2534, ambacho kilitungwa ili fundi wa nje aweze kuandika upya kontrolboksi bila vifaa vya mtengenezaji. Nia ilikuwa njema, lakini kiwango kilielezwa kama DLL, faili la msimbo la Windows ya biti 32, linalotafutwa kwenye rejista (orodha ya mipangilio) ya Windows, na hivyo soko lililofunguliwa kwa kila fundi likafungwa kwa mfumo mmoja. Naliona hili kuwa kosa linaloweza kurekebishwa, kwani vifaa vyenyewe ni vya USB na havijali kompyuta inaendeshwa na nini.

Kuweka Windows ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya Linux au Mac, ni tiba nusu. Magari ya zamani yanayopimwa kwa laini ya K, waya mmoja wa mawasiliano, huamshwa kwa anwani inayotumwa kwa mwendo wa bodi 5 (alama tano kwa sekunde), yaani sekunde mbili kwa baiti moja, na kebo zisizo na kichakataji chao huitegemea kompyuta kushika muda huo. USB inayopitia kompyuta pepe ikichelewa, gari halijibu. Mac zenye chipu ya Apple, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, hazina tena Boot Camp, njia ya kuwasha Mac kwa Windows, na Windows ya ARM (aina ya chipu hizo) inayoendeshwa humo inadai draiva za ARM, yaani programu za kuendesha vifaa, ambazo adapta nyingi za zamani hazinazo.

Kwenye kutyuni, TunerStudio inastahili sifa kamili. Imeandikwa kwa Java, inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na inahudumia kontrolboksi za MegaSquirt, Speeduino na rusEFI. Toleo la bure linatosha kupanga meza za mafuta na muda wa kuchoma mafuta, na anayelipia anapata kipengele cha kusahihisha meza ya mafuta huku gari likiendeshwa. Lakini hizo ni kontrolboksi za kufunga badala ya ile iliyokuja na gari. Mwenye Subaru ana RomRaider, nayo huria na ya Java: atafungua ramani ya injini, yaani meza za mipangilio yake, kwenye Linux, ataibadilisha na atarekodi vipimo, kisha kuirudisha ndani ya gari atahitaji programu nyingine, ambayo kwa kawaida ni ya Windows.