Seti yangu ya kahawa ya Ginori: vitano vinalia, cha sita kimenyamaza

Nililipia vikombe sita. Vitano vinalia, cha sita kimenyamaza, na dada wa dukani akaniambia usoni, "Kwa matumizi yako, hiki kinatosha." Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo, na hadi leo nikipita mtaa ule damu inanichemka. Anayetaka kujua birika linaingia maji kiasi gani atafute kwingine. Mimi nimekuja kusema habari ya kikombe kimoja.

Naishi Firenze, Italia, miaka mingi sasa. Kwetu ni Mombasa, na bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lamu, wa zile nyumba zenye ukuta wa zidaka, ambazo mabakuli ya kauri ya Kichina yalipangwa humo kama watu wengine wanavyopanga vitabu. Mengi yaliuzwa siku za dhiki kabla mimi sijazaliwa. Kilichobaki ni mazoea ya bibi. Hanunui chombo bila kukipima. Anakiketisha juu ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto, asikikumbatie, kisha anakigonga ukingoni kwa kucha. Chombo kizima hulia, sauti nyembamba inayokaa hewani kidogo kabla ya kuzimika. Chenye ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, hutoa "tak" kavu, basi. Alinifundisha nikiwa na miaka kama saba, na nimegonga vyombo tangu siku hiyo, majumbani mwa watu na sokoni.

Sasa mamangu kazeeka, na kahawa yake ya jioni haiachi. Nikasema safari hii simpelekei doti za vitambaa wala mafuta ya zeituni. Nimpelekee kauri ya hapa, ya mikono ya hapa, aweke kahawa yake tungu ndani yake na wageni wake wa Idd waione. Nikachagua Ginori, umbo la Antico Doccia, jeupe tupu.   Ukikiinua kikombe mbele ya dirisha, unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Kiwanda chenyewe kiko Sesto Fiorentino, hapa jirani tu. Bwana mmoja mwenye cheo cha ukabaila, Marchese Carlo Ginori, alikianzisha mwaka 1735 pale Doccia, kwenye ardhi ya familia yake, wakati Ulaya nzima ikihangaikia siri ya kauri ya Wachina. Wajerumani wa Meissen walikuwa wameshaipata, wakafungua kiwanda 1710. Hapa Firenze akina Medici, waliokuwa watawala wa mji, walikuwa wamejaribu mapema zaidi, tangu miaka ya 1570, wakapata chombo kizuri kisichokuwa kauri yenyewe. Ginori akajaribu udongo huu na ule, akamleta mchoraji Anreiter kutoka Vienna, akamweka Gaspero Bruschi kuwasimamia wafinyanzi wa masanamu, na watu wale wakafika mahali pa kuitengeneza Venus ya akina Medici, sanamu maarufu ya kale ya mungu wa kike, kwa kauri. Hebu fikirieni sanamu ya mtu mzima inayopita motoni bila kupasuka!

Na karne zote hizo Ulaya ikihangaika, pwani yetu kauri ya Kichina ilikuwa ukutani, mezani, hata makaburini. Nenda Kunduchi, nenda Mambrui, uone mahali mabakuli yalipopachikwa kwenye nguzo za makaburi. Vigae vilivyochimbuliwa Gede vimewekwa Fort Jesus, kila mtoto wa shule wa Mombasa amepelekwa kuviona. Naeleza haya kwa sababu dada yule aliniangalia kama mtu aliyekutana na kauri kwa mara ya kwanza siku ile.

Duka lenyewe si la kiwanda. Ni duka la watu wanaouza vyombo vya viwanda vingi, na jina lao silitaji. Siku ya kununua kulikuwa na watu, kijana akafunga mzigo haraka haraka. Nilimwona akiviweka vikombe viwili viwili, kimoja ndani ya kingine, karatasi nyepesi katikati, mkono wa kikombe ukigusa mkono wa mwenzake. Nikamwambia afunge kimoja kimoja. Akanijibu ndivyo wanavyofanya siku zote. Nikanyamaza, na kunyamaza kule nakujutia.

Nyumbani nikatandika kitambaa mezani, nikavitoa, nikaanza kugonga. Cha kwanza kikalia. Cha pili, cha tatu, mpaka cha tano, vyote sauti moja, mtu angedhani vimepangwa na fundi wa ala. Cha sita: tak. Nikakigeuza, nikagonga tena. Tak. Nikakileta dirishani na hatimaye nikauona, unywele mmoja tu, unaanzia pale mkono unaposhikana na tumbo la kikombe na kushuka kama urefu wa punje ya mchele. Nikatia kahawa ya moto. Baada ya muda tone dogo jeusi likatokea nje. Nikalifuta, likarudi.

Siku ya tatu nikarudi dukani na risiti, seti nzima ndani ya boksi lake.

Kiitaliano kina heshima zake. Mtu mzima usiyemjua humwambii "tu", yaani wewe ya mtoto au rafiki, unamwambia "Lei", wewe ya heshima. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu aliitwa signora, akaambiwa Lei, akavutiwa kiti. Zamu yangu ilipofika nikawa "tu", kama mtoto aliyetumwa chumvi. Mimi nikaendelea na Lei yangu, kwa sababu nimelelewa. Nikaeleza. Akakichukua kikombe, akakitazama kwa nukta chache, akasema haoni kitu. Nikamwambia hauonekani kirahisi, unasikika, nipe ruhusa nikuonyeshe. Nikaketisha kikombe kizima juu ya vidole, nikagonga, kikalia duka zima likasikia. Mama wa kwenye kiti akageuka. Nikagonga chenye ufa. Tak. Pale pale dada akaninyang'anya kikombe mkononi akasema, "Usigonge vyombo, utavivunja, na huenda ndivyo ulivyokivunja hiki."

Nikamwomba jambo moja tu, anibadilishie kikombe kimoja. Akasema seti haigawanywi, nikitaka kikombe ninunue vingine sita. Nikamwuliza kama anaweza kuniagizia. Akasema hapana. Nikamwambia ni zawadi ya mamangu. Ndipo akalitoa lile neno lake, kwa matumizi yako kinatosha, akamwita mteja wa nyuma yangu.

Ndugu zangu, matumizi yangu ni yapi? Kwani mamangu anastahili kikombe kinachovuja?

Hakuna uchawi katika kugonga. Udongo mweupe wa kaolini, feldispa na kwatsi huchomwa, kisha huchomwa tena kwa joto la karibu nyuzi 1,400 mpaka kila kitu kishikane na kuwa kitu kimoja, nusu jiwe nusu kioo. Ndiyo maana hulia, mtikisiko unazunguka kikombe chote bila kizuizi. Ufa unaukata mtikisiko njiani. Mtu anayeuza kauri kila siku anapaswa kulijua hili kuliko bibi yangu.

Nilipofika nyumbani niliandika maoni ya hasira, kwamba asinunue mtu chombo chochote cha jina hili, ni fahari tupu. Kisha nikayafuta. Kosa la kufunga mzigo vibaya na ulimi mbovu si la waliokifinyanga kikombe. Kiwanda hiki kimepita mengi. Mwaka 1896 kiliungana na kampuni ya kauri ya Richard wa Milano na kuitwa Richard-Ginori. Kuanzia 1923 msanifu Gio Ponti alikuwa ndiye mkuu wa sanaa, na miaka miwili baadaye wakatunukiwa tuzo kuu, Grand Prix, kwenye maonyesho ya Paris. Januari 2013 kikatangazwa kufilisika, mamia ya wafanyakazi wakawa hawajui kesho yao, hadi Gucci, kampuni ya mitindo, ilipokinunua mwaka huo huo kwa euro milioni 13. Tangu 2020 kinaitwa Ginori 1735. Nikifikiria mafundi waliosubiri kuona kama tanuri zitawashwa tena, halafu kazi ya mikono yao inatupwa ndani ya boksi kama vikombe vya karatasi, ndipo hasira inaponipanda mara ya pili, na hii ya pili ni kali kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo naipa seti hii alama zote. Hapana, ngoja. Kwa bei ile, na hakuna aliyenisaidia kupata kikombe kimoja, nitatoaje alama zote? Nilitaka kuishusha mpaka katikati. Lakini shangazi aliposafiri juzi juzi alimchukulia mamangu vile vitano, amevibeba kwenye mkoba wake wa mkononi, kimoja kimoja ndani ya leso. Usiku ule mamangu akanipigia simu. Hakusema hata hujambo. Nilisikia kucha yake tu, ting, kisha kimya mpaka sauti iishe, kisha kingine, ting, akavimaliza vyote. Akasema, "Vizima, mwanangu. Vina sauti ya vile vya mamangu." Basi nirudishe alama zote, kwa vikombe. Duka halipati hata moja.

Akauliza cha sita kiko wapi. Nikamwambia kiko kwangu.

Anayekwenda kununua, popote pale, avigonge vyote kabla ya kutoa kadi, na asikubali vifungwe viwili viwili hata wakimwambia ndivyo wanavyofanya siku zote. Na kama kuna mtu hapa Italia amebaki na kikombe kimoja cha kahawa cha Antico Doccia, cheupe, ambacho wenzake wameshavunjika, naomba aniuzie. Nitakuja mwenyewe kukichukua, na nitakigonga kwanza.