Kreka za kula na jibini: nazipanga kuanzia bora mpaka za kuachana nazo

Watu wengi wakienda kununua jibini wanaganda mbele ya friji, wanageuza geuza, wanasoma lebo, wananusa, afu wakifika kwenye kreka, zile biskuti kavu za kulia jibini, wananyakua paketi ya kwanza yenye picha nzuri na safari imeishia hapo. Hata mi nilikuwa hivyo hivyo. Kuna siku nilikuwa na wageni, nimenunua brie, jibini laini ya Kifaransa, safi kabisa, imelainika vile inavyotakiwa, ukiibonyeza katikati kidole kinazama kidogo, nikaitoa mezani na kreka za kitunguu saumu na rozimeri kisa paketi ilikuwa inavutia. Tulichokula siku ile ni kitunguu saumu. Mgeni mmoja akaniuliza kwa upole, hii jibini mbona kama haina ladha, nikabaki natabasamu tu maana jibini yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Toka hapo nina kipimo kimoja tu: jibini ndo bibi harusi, kreka ni mpambe. Mpambe akimeremeta kuliko bibi harusi ujue kuna kitu hakiko sawa. Kwa hiyo kabla hujaiamini kreka, kula moja kavu kavu bila kitu. Ukijikuta unasema "mmh" na mkono umesharudi kwenye paketi kuchukua ya pili na ya tatu, basi hiyo ni ya chai, ibaki huko huko kwenye chai. Kreka ya jibini ukiila yenyewe inatakiwa iboe kidogo.

Sasa tuje kwenye orodha yangu.

Namba moja, bila ubishi, biskuti za maji. Zile nyembamba za duara, rangi ya maziwa na madoa ya kuungua juu juu, ndani kuna unga wa ngano, maji, mafuta kidogo na chumvi basi. Inayojulikana sana ni Carr's Table Water, kampuni iliyoanzia Carlisle huko Uingereza mwaka 1831. Ukoo wao ni zile biskuti ngumu za mabaharia, unga na maji vikakaushwa mpaka vikae miezi melini bila kuoza, tofauti ni kwamba hizi za sasa hazikuvunji jino. Na vile vitundu juu yake sio urembo, vinapitisha mvuke ikiwa ndani ya oveni ili isifure kama puto. Zinakaa na kila kitu, ila kwa jibini laini kama brie, camembert na ile ya mbuzi hapo ndo penyewe, kwa sababu unachosikia ni mlio wa kreka tu halafu ladha yote iliyobaki ni ya jibini. Ubaya wake ni wepesi wa kuvunjika. Ukiileta jibini imetoka kwenye friji sasa hivi, ngumu, ukaanza kuikandamiza na kisu juu ya kreka, inapasuka katikati, nusu inabaki mkononi nusu iko chini ya meza na wewe una jibini kwenye suruali. Toa jibini nje nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula, hapo inapakika yenyewe, na hata ladha yake inafunguka.

Namba mbili nawapa zile za oti, za asili ya Scotland. Ni oti, mafuta, chumvi na maji, zina kaladha kama ka karanga za kukaanga na zinamung'unyika mdomoni badala ya kukatika katika. Cheddar iliyokomaa ile inayokwaruza ulimi, au jibini ya bluu, ile yenye mistari ya ukungu wa bluu ndani, mpe hii na hutojuta. Makombo yake lakini usiombe, weka sahani chini. Halafu wenye kukwepa gluteni, ile protini ya ngano, msidanganyike na neno oti, mara nyingi zinalimwa au kusagwa karibu na ngano kwa hiyo zinachanganyikana, na kuna paketi zimeongezwa unga wa ngano kabisa, tafuta iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni. Wasipokuwa nayo chukua kreka za mchele zisizo na viungo, ni nyepesi na hazina maneno mengi, nazo usome lebo kwa sababu nyingine zimepakwa sosi ya soya ambayo kwa kawaida ina ngano.

Tatu ni krimu kreka, zile za mraba. Jina lisikuchanganye, ndani hamna krimu hata tone. Kampuni ya Jacob's ilianza kuzitengeneza Dublin, Ireland, mwaka 1885, na unga wake unaachwa uumuke kwa hamira kabla ya kukunjwa tabaka tabaka, ndo maana ukiivunja unaona kurasa ndani. Ni kubwa, zinabeba, cheddar ya kawaida na jibini ya kupaka zinakaa vizuri. Zingekuwa juu zaidi ila zinanyong'onyea haraka mno ukishafungua.

Ya nne itawashangaza: daijestivu. Ndio, ile ya kuchovya kwenye chai. Najua nimetoka kusema ya chai ibaki kwenye chai, ila kila sheria ina mtu wake wa kuivunja. Chukua Stilton au gorgonzola, jibini ya bluu ile yenye chumvi kali na harufu inayofika mlangoni kabla yako, weka kipande kwenye daijestivu, afu utafune taratibu. Ule utamu kidogo na ule unga wa ngano usiokobolewa vinaishika ile chumvi vinaituliza, ni akili ile ile ya watu wanaokula jibini ya bluu na asali au tini. Kwa brie ndo usijaribu, itazidiwa. Na jamani ile isiyo na chokoleti, nasema hivyo kwa sababu kuna ndugu yangu aliniletea ya chokoleti akasema si zote daijestivu.

Tano ni mikate mikavu ya rai, nafaka ya jamii ya ngano, ya Wasweden, Wasa ndo maarufu. Imara kama bati, nusura isivunjike hata ukiikalia. Gouda iliyokatwa vipande vyembamba, jibini ya kupaka na tango juu, sawa kabisa. Ila rai ina uchachu na uchungu wake kwa hiyo jibini ya upole isiwekwe hapo.

Chini ya hapo ni za ladha ya siagi kama Ritz, ambayo iko sokoni toka 1934. Tamu sana, hakuna anayebisha, lakini ina mafuta, ina sukari, ina chumvi, na jibini nayo ina mafuta yake, vikikutana mdomo unateleza tu husikii kitu. Za mbegu ziko humo humo, za ufuta zinapita, zenye mbegu aina tano unaishia kutafuna mbegu jibini imeshamezwa zamani.

Mkiani kabisa ni zote za kitunguu, pilipili, nyanya na ndugu zake. Na zile kreka za ladha ya jibini, kula na jibini! Ni kama kuingia ukumbini umebeba picha ya bibi harusi wakati mwenyewe amekaa pale mbele.

Ukiwa dukani tingisha paketi taratibu karibu na sikio. Ikilia kama mchanga, zimeshavunjika, rudisha chukua nyingine. Geuza usome chumvi: Uingereza chakula chenye zaidi ya gramu 1.5 kwa gramu 100 kinahesabiwa kina chumvi nyingi, na cheddar yenyewe iko karibu na gramu 1.8, kwa hiyo kreka ikiwa nayo iko juu mtakesha mnakunywa maji. Kama lebo imeandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha mara 2.5. Sukari nayo ikitajwa kwenye vitu vitatu vya mwanzo, hiyo ni biskuti imevaa nguo za kreka. Na paketi iliyogawanywa ndani vifurushi vidogo ni bora kuliko kubwa moja, unafungua unachokula.

Nyumbani weka kwenye kopo linalobana, sio friji, na usizichanganye na keki au mkate kwa sababu zinavuta unyevu wote huo. Zikishalegea usitupe, oveni nyuzi 150 za Selsiasi dakika tano, toa, ziache zipoe kabisa ndo uzijaribu, zikiwa moto bado zitaonekana laini utadhani umefeli. Mezani kreka zikae sahani yake na jibini yake, kila mtu ajiwekee, ukizipangia jibini juu mapema wageni watakuta kadibodi. Mi nakadiria kreka tano sita kwa mtu, na nikiwa na nafasi ya paketi mbili tu nachukua biskuti za maji na daijestivu. Zilizovunjika nazisaga namwagia juu ya makaroni ya jibini kabla haijaingia ovenini.