Daftari la kumbukumbu za ajali kazini: maoni yangu baada ya mwaka na nusu wa kulitumia

Ukurasa wa 7 una alama ya kidole gumba kwenye kona ya chini. Ilikuwa nyekundu, sasa imegeuka kahawia. Ni ya mwenzangu aliyechanwa kiganja na diski ya grainda iliyopasuka, na juu yake pameandikwa "saa 4:20 asubuhi" kwa mwandiko wangu, herufi zinacheza kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukitetemeka. Ukurasa huo ndio umenifanya nikae niandike haya.

Daftari lenyewe ni la kawaida kwa sura. Lina jalada gumu na kurasa 50, na kila ukurasa una nakala yake chini ya karatasi ya kaboni. Nakala moja anachaniwa aliyeumia aende nayo, nyingine inabaki. Namba za kurasa zimechapwa kiwandani, kwa hiyo hakuna anayeweza kunyofoa ukurasa usiompendeza bila pengo kuonekana. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha kulinunua.

Niseme kwa nini nalichukulia uzito. Kabla ya kuja kwenye karakana hii nilikuwa mtunza stoo mahali pengine. Siku moja niliteleza kwenye ngazi nikiwa nimebeba boksi la bawaba, nikaangukia mgongo. Nilijikaza. Nilisema ni misuli tu, nikilala itaachia. Siku ya tatu nilishindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Nilipokwenda kwa msimamizi aliniuliza, "Nani alikuona?" Aliyeniona alikuwa ameshaacha kazi. Hapakuwa na hata mstari mmoja wa maandishi. Nilijitibia kwa pesa yangu, na siku nilizolala nyumbani zikakatwa kwenye mshahara. Mgongo umepona. Lile swali bado nalisikia.

Sasa turudi kwenye ukurasa wa 7. Aliyelibuni daftari hili alifikiri vizuri kwenye sehemu ya muda: kuna mstari wa saa ya ajali na mstari wa pili wa saa ya kutoa taarifa. Mtu anaweza kuumia asubuhi akaja kusema jioni, na pengo hilo lisipoelezwa ndipo mashaka yanapoingia baadaye. Kuna pia nafasi ya kifaa kilichohusika, mahali hasa, kiungo kilichoumia na upande wake. Usidharau hilo la upande. Nimewahi kuona fomu mbili za mtu mmoja, moja inasema goti la kulia, nyingine la kushoto, na malipo yakasimama kusubiri maelezo.

Kosa kubwa liko kwenye jalada. Wameandika kwa herufi kubwa: JAZA PAPO HAPO. Hapana. Siku ile tulizima mashine kwanza. Tukakandamiza kiganja kwa chachi safi, kwa nguvu, mkono ukiwa umeinuliwa juu. Damu ilipopenya tuliongeza chachi nyingine juu ya ile ya kwanza, hatukuifunua kuchungulia. Nilijaza sehemu za mwanzo wakati gari linaletwa, mwenzetu mmoja akiwa bado amekandamiza. Majeruhi aliweka kidole gumba cha mkono mzima, nacho kilikuwa na damu. Kama ningekuwa peke yangu naye, daftari lingebaki kwenye droo.

Nakala ilikwenda naye hospitalini, na hapo ndipo nilipoona faida yake. Daktari aliisoma, akauliza mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda ilikuwa lini, kisha akaandika kwenye cheti kwamba jeraha limetokana na mashine kazini. Usimwambie daktari "nimejikata tu". Mwambie umeumia kazini, ukifanya nini, kwa kifaa gani. Madai ya fidia yalipoanza, daftari, cheti na maelezo ya shahidi vyote vilitaja saa ileile, mkono uleule, diski ileile.

Kuna kipengele ninachokikata kwa kalamu kila ukurasa: "Uzembe wa mfanyakazi: Ndiyo / Hapana". Mtu anayevuja damu haulizwi aungame. Tangu Ujerumani ilipotunga sheria yake ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, mifumo mingi ya fidia duniani imejengwa ili mfanyakazi alipwe bila kubishana kwanza kosa ni la nani. Mahali pa kipengele hicho naandika kilichoonekana: diski ilipasuka mara tu swichi ilipowashwa, kinga yake haikuwepo. Hukumu wataitoa wanaohusika.

Nafasi ya shahidi ni mstari mmoja tu, haitoshi. Hakuna pa kuandika vitu vilivyohifadhiwa. Vipande vya ile diski tulivipiga picha palepale sakafuni kabla ya kufagia, tukavifunga kwenye mfuko. Hakuna pia pa kuongeza maumivu yanayojitokeza baadaye, na mgongo wangu ni shahidi kwamba hujitokeza. Mimi hubana karatasi ya ziada yenye tarehe yake. Na wino wa kaboni unafifia, kwa hiyo piga picha nakala yako siku hiyohiyo.

La faragha nalo linaniumiza. Anayejaza leo anaweza kufunua akasoma majeraha ya wenzake wote. Itifaki ya mwaka 2002 ya Shirika la Kazi Duniani, iliyoongezwa kwenye Mkataba Na. 155 wa usalama na afya kazini, inataka taarifa binafsi na za kitabibu kwenye kumbukumbu hizi zilindwe, na inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu ametoa taarifa ya ajali. Sisi tunalifungia kwenye droo, na ufunguo uko kwa watu wawili. Ningependa sentensi hiyo ya kutoadhibiwa ndiyo ichapwe kwenye jalada.

Kurasa za mwisho ni za matukio ya hatari ambayo hayakumjeruhi mtu. Nilidhani zitabaki tupu. Tumezitumia mara 4, na moja ilihusu rafu ya mbao iliyokuwa ikiinama. Ilifungwa kwa bolti wiki ileile ilipoandikwa.

Nimeshaomba tununue jingine. Mwenzangu amerudi kazini, na vidole vyote vinakunja. Nakala yake ameiweka kwenye bahasha moja na risiti za dawa na za nauli za kwenda kliniki, kwa sababu madai yake bado hayajafungwa.